Paa la Mwavita Lililoanzia Chini

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Sema wewe, sisi masikio!
Pakawa nyumba.
Ikakaliwa!
Nyumba ina paa.
Likaezekwa!
Paa linavuja.
Lizibwe!

Haya basi, sogeeni. Mwenye kupiga chafya apige sasa, maana mimi nikianza sirudi nyuma.

Hapo kale, kale ya zamani, watu na wanyama walipokuwa wakikaa mtaa mmoja na kuazimana chumvi, palikuwa na mji uitwao Kichwambele. Mji mzuri tu, una kisima, una soko, una watu wa maneno. Ila ulikuwa na ada moja, na ada yenyewe ilikuwa hii: kila jambo lianzie kichwani. Samaki aliliwa kuanzia kichwani. Mtoto aliogeshwa kuanzia utosini. Wageni wakija kumi, alisalimiwa kwanza aliye mrefu. Na nyumba, jamani, iliezekwa kuanzia juu.

Naam, juu! Fundi alipanda mpaka kwenye mwamba, ule mti mrefu unaolala kileleni mwa nyumba, akafunga pale safu ya kwanza ya makuti. Akateremka kidogo, akafunga ya pili. Akateremka, akafunga ya tatu. Akaendelea kuteremka hivyo mpaka upenuni, ukingo wa chini wa paa, akafuta jasho, akala wali kwa jogoo, akaenda zake. Mvua ikinyesha, nyumba zote za Kichwambele zilivuja.

Zote! Hata ya Jumbe ilivuja. Lakini Jumbe wa mji alikuwa Kiboko, na kiboko akilowa ndiyo starehe yake. Matone yakimwangukia mgongoni alifumba macho akasema, "Ah, raha iliyoje." Sasa niambieni nyinyi: mwenye kusimamia sheria ya paa akiwa kiboko, mgonjwa wa kifua atamlilia nani?

Katika mji huo aliishi binti mmoja, jina lake Mwavita, pamoja na mama yake, Bi Sijaona. Baba alikwisha tangulia mbele ya haki. Mwavita alikuwa hodari wa kusuka makuti. Akiketi asubuhi na rundo la majani ya mnazi, jua la utosini lilimkuta na makuti ishirini. Kusuka, katika Kichwambele, ilikuwa kazi ya wanawake. Kuezeka ilikuwa kazi ya fundi. Kwa hiyo Mwavita alijua kila jani linapenda kulala upande gani, lakini siku ya kuezeka aliambiwa akae kando, aangalie chungu kisiungue.

Na ulimi alikuwa nao. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu nilimzaa akauliza kabla hajalia."

Basi masika ya kwanza yakaja. Fundi wa mji, Fundi Nyani, alikuwa ameezeka mwezi ule ule. Paa likavuja. Tone likaanguka kitandani kwa Bi Sijaona, naye akakohoa: koho! Mwavita akaenda kwa fundi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

"Paa linavuja."

"Makuti yako hayo," akasema Nyani. "Uliyaleta mabichi."

Masika ya pili yakaja. Fundi ameezeka tena, makuti makavu yanalia chakachaka. Paa likavuja. Bi Sijaona akakohoa: koho, koho! Mwavita akaenda kwa fundi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

"Paa linavuja."

"Majirani zenu hao," akasema Nyani. "Wana kijicho. Jicho baya likitazama paa, paa hutoboka."

Masika ya tatu yakaja. Fundi ameezeka, majirani wameombwa wapite njia ya nyuma wasitazame. Paa likavuja. Bi Sijaona akakohoa: koho, koho, koho, mpaka akashika ukuta. Mwavita akaenda kwa fundi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

"Paa linavuja."

"Ah, nyumba yenu," akasema Nyani. "Nyumba ya wanawake watupu. Paa halina wa kumwonea haya."

Wasikilizaji wangu, mmehesabu? Mara ya kwanza kosa la makuti. Mara ya pili kosa la majirani. Mara ya tatu kosa la kuzaliwa mwanamke. La fundi lilikuwa halijafikiwa na zamu.

Mganga akaitwa. Akaweka sikio kwenye kifua cha Bi Sijaona, akasikiliza, akamvuta Mwavita nje.

"Dawa ninayo," akasema. "Lakini dawa yangu haifanyi kazi kwenye kitanda kilicholowa. Masika ya nne yakimkuta mama yako chini ya matone, usinitume mtu. Mtume kwa mshona sanda."

Mwavita hakulia mbele ya mama. Alizunguka nyuma ya nyumba, akalia kidogo, akapenga kamasi, akaenda moja kwa moja kwa Fundi Nyani.

"Fundi, nakuomba. Mara hii tujaribu namna nyingine."

"Namna gani?"

"Sijui. Ila hii tumeijaribu mara tatu."

Nyani akacheka mpaka magego yakaonekana. "Babu yangu alianzia juu. Baba yangu alianzia juu. Mimi nianzie wapi, mgongoni?"

"Na nyumba ya babu yako, ilikuwa haivuji?"

"Ilivuja kwa heshima!"

"Basi hiyo heshima kailoweke unywe," akasema Mwavita. "Nitaezeka mwenyewe."

"Ezeka. Ukianguka usiseme umesukumwa."

Kesho yake asubuhi Mwavita akachukua panga, akaenda msituni kukata pau, zile fito nyembamba za kufungia makuti. Alipokata ya kumi, wingu likafunga. Mvua ya kupita ikashuka, mvua ya ghafla isiyobisha hodi, nayo ikamlowesha chapachapa. Akajikunyata chini ya mti. Mbele yake, katikati ya njia, akaona kitu mviringo kama chungu kilichopinduliwa. Mvua ikakipiga, ikakipiga, ikakipiga, kikatulia tu.

Mvua ilipokatika, kile kitu kikajikunjua. Kumbe ni Kakakuona, mnyama wa magamba tangu kichwani hadi ncha ya mkia. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akajinyoosha. Mgongo unameremeta maji. Tumbo kavu!

"Shikamoo, bibi," akasema Mwavita.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe mbona hukimbii? Watu wakiniona hukimbilia kwa waganga kuuliza nina maana gani."

"Mimi maana yako siitaki, bibi. Nataka kujua mvua yote ile imekupigaje, na tumbo lako kavu."

Kakakuona akamtazama. Umri wake wote, watu walikuwa wamemwogopa, wamemwagua, wamemtambikia. Wa kumuuliza hilo hakutokea.

"Nipapase," akasema. "Toka kichwani kwenda mkiani."

Mwavita akapapasa. Mkono ukateleza, laini, mpaka chini.

"Sasa rudi, toka mkiani kwenda kichwani."

Mwavita akapapasa. Kidole kikanasa, kikaingia chini ya gamba mpaka kwenye ngozi.

"Haya, ungekuwa maji?"

"Njia ya kwanza ningeteleza nikaanguka nje," akasema Mwavita polepole. "Njia ya pili ningeingia ndani." Akakitazama kidole chake. "Bibi! Nyumba yetu imevaa magamba kinyume! Safu ya chini ndiyo iliyoilalia ya juu yake. Maji yakishuka yanakuta mdomo wazi, yanaingia."

"Na wewe unataka nani amlalie nani?"

"Wa juu amlalie wa chini."

"Atamlaliaje, na wa chini hajafika?"

Mwavita akajipiga paji la uso. "Basi anayeanza ni wa chini!"

"Mimi sikusema kitu," akasema Kakakuona, akaanza kuondoka. "Umesema mwenyewe. Na ukirudi mjini usiseme umeota, maana watataka kukufanya mganga."

Mwavita akarudi mbio na pau zake kichwani. Lakini hakukimbilia ngazi. Alikuwa na akili, na akili haiezeki nyumba kabla haijaezeka tenga. Akachukua tenga la kuku, kuku akiwa ndani, akalifunika kwa makuti matatu akianzia juu, akamwaga kata tatu za maji. Kuku akapiga kelele, "Mwavita, nimekukosea nini?" Akayatoa makuti, akayapanga upya akianzia chini, akamwaga kata tatu. Kimya. Akachungulia. Kuku amekaa, kavu, anamtazama kwa jicho moja.

"Samahani, dada," akasema Mwavita.

"Samahani haikaushi manyoya," akasema Kuku. "Lakini hii ya pili nimeipenda."

Kazi ikaanza. Mwavita akateremsha makuti yote ya zamani, meusi, yananuka uvundo. Akafunga pau mpya, moja baada ya moja, upana wa shibiri kati ya moja na nyingine. Akaloweka kamba za makumbi ziwe laini mkononi. Kisha akamwita jirani yake, Bi Kidawa, amshikie ngazi.

"Mwanangu," akasema Bi Kidawa, "ngazi nitashika, lakini macho nitafumba. Nikiulizwa niliona nini, nisiwe mwongo."

Mwavita akafunga safu ya kwanza upenuni, chini kabisa, huku akiimba. Nanyi itikieni, msiniache peke yangu:

*Tone, tone, baki huko,*
*Mama yangu ana kifua;*
*Tone, tone, pita huko,*
*Ndani humu hutapakuta.*

Akapanda hatua moja, akafunga safu ya pili, imelalia ya kwanza kama mtoto begani kwa mama. Akaimba. Akapanda hatua moja, akafunga ya tatu. Akaimba.

Watu wakaanza kukusanyika. Kichwambele mtu akipika hawaji, akiumwa hawaji, akikosea wanakuja na viti.

"Mwavita! Unaivisha nyumba viatu kabla ya kofia!" akasema mmoja.

"Na wewe, mjomba," akasema Mwavita kutoka juu, kuti mdomoni, "leo asubuhi ulivaa kofia, suruali ukaiacha mpaka adhuhuri?"

Wakacheka, yule mjomba akajipapasa kiunoni kuhakikisha. Lakini Nyani hakucheka. Aliona watu wanacheka upande usio wake. Akaenda kwa Jumbe.

Jua halijapinda, Mwavita akiwa ndiyo kwanza amemaliza kukunja makuti ya kileleni kuufunika mwamba, tarishi, mjumbe wa Jumbe, akafika: unaitwa barazani.

Jumbe Kiboko alikuwa kwenye dimbwi lake, masikio nje, na baraza zima limemzunguka pembeni. Nyani akasimama.

"Jumbe wetu! Huyu binti ameezeka kuanzia chini. Ameukalisha mguu juu ya kichwa. Leo ni paa. Kesho atasema Jumbe asalimiwe wa mwisho!"

Baraza likaguna.

"Mwavita," akasema Jumbe, "una la kujitetea?"

"Sina la kujitetea, Jumbe. Nina maswali matatu."

"Ameanza!" akanong'ona Bi Kidawa.

"La kwanza. Humu barazani, nani nyumba yake haivuji? Anyooshe mkono."

Sungura peke yake akanyoosha. Mkewe akamtazama. Sungura akaushusha, akajifanya alikuwa anakuna sikio.

"La pili. Fundi Nyani, ukijenga ukuta, tofali la kwanza unaliweka wapi?"

"Chini. Lakini ukuta si paa!"

"Tofauti yake?"

"Ukuta..." Nyani akatafuta. "Ukuta hauna kichwa!"

Watu wakaangua kicheko, na safari hii hata vikongwe walicheka.

"La tatu," akasema Mwavita, na hapo sauti yake ikabadilika. "Mama yangu amekohoa masika matatu. Nyinyi mnasema heshima, heshima. Heshima hiyo ni ya nani? Kama ni ya paa, paa halina masikio. Kama ni ya fundi, fundi halali kwetu. Kama ni ya mama yangu, nendeni mkamuulize anaitaka ya namna hiyo? Maana nyote hapa mtakuja kumzika. Mtakuja na ubani, mtasema Mungu amependa. Mungu hakupanda juu ya paa letu. Aliyepanda ni Nyani!"

Vikongwe wakaitikia kwa vichwa. Lakini mji ni mji, na Jumbe ni Jumbe. Kiboko akapuliza maji puani.

"Maneno yako yana chumvi, binti yangu. Ila ada ni ada. Kesho paa lishushwe."

Mwavita akasogea mpaka ukingoni mwa dimbwi.

"Basi nipe mvua moja, Jumbe. Moja tu. Likivuja, nitalishusha mwenyewe na kamba zake nitakuletea uzione."

Kiboko alipenda mvua. Jina lake tu lilimlainisha. "Mvua moja," akasema. "Mpaka Ijumaa, jua likifika utosini. Likivuja tone, tone moja tu, Nyani ataliteremsha na kuliezeka upya kutoka juu. Na mvua isipokuja mpaka saa hiyo, hukumu ni hiyo hiyo."

Jumatano, mbingu nyeupe. Mwavita akakaa mlangoni, shingo juu, chai ikapoa mkononi.

Alhamisi, wingu likaja, likatazama mji, likaenda kwa jirani.

"Mwanangu," akasema Bi Sijaona kutoka kitandani, "njoo ule."

"Sina njaa, mama."

"Basi njoo unisikilize, hilo halihitaji njaa. Wakilishusha, usiende kumwomba mtu radhi. Koho! Ulimi huo nilikuzaa nao mimi, na sikuutia sukari. Mwenye kuuchukia aje kwangu."

Mwavita akacheka huku machozi yanamtoka. Akamfunika mama yake, akarudi mlangoni.

Ijumaa asubuhi baraza likaja zima zima. Jumbe mbele, watu nyuma, Nyani pembeni na kisu cha kukatia kamba kiunoni. Wakasimama uani. Jua likapanda. Vivuli vikafupika, vikafupika, vikawa kama vitambaa miguuni mwa watu. Nyani akatazama kivuli chake, akatazama ngazi, akatia mkono kiunoni.

Mwavita hakuomba tena kwa Jumbe. Aliomba kwa mwenye mvua.

Upepo ukaja. Ukapeperusha vumbi, ukapeperusha kofia ya mjomba. Kukawa giza mchana. Kisha radi ikasema neno moja, na mvua ikaja yote, kama watu waliokuwa wamezuiwa nyuma ya mlango.

"Ndani! Ndani!"

Wakajazana chumbani kwa Bi Sijaona, wote, pua juu, wakitafuta tone. Nyani alikuwa wa mwisho kuingia, kwa sababu alibaki nje akizunguka upenu kutafuta tundu. Alipolikosa, akaingia, akarukia boriti, akaning'inia kule juu gizani, akichunguza safu kwa safu.

Mvua ikapiga. Hakuna kitu. Mvua ikazidi. Hakuna kitu. Mvua ikapiga kama mawe.

To!

Tone likaanguka. Likaanguka juu ya pua ya Jumbe mwenyewe.

"Limevuja!" akapiga kelele mmoja.

"Limevuja!" wakaitikia wengine.

"Nilisema mimi!" sauti ya Nyani ikatoka juu.

Mwavita akakitazama kitanda cha mama. Kikavu. Akatazama paa. Akaona makuti yake yamelaliana, shwari. To! Tone la pili. To! Tone la tatu. Yote pale pale, juu ya Jumbe. Hofu ikamtoka mtoto wa watu, swali likaingia mahali pake.

"Jumbe, tafadhali sogea hatua moja."

Jumbe akasogea, nyumba ikatikisika. To! Tone likaanguka mahali alipokuwa amesimama.

"Fundi Nyani," akasema Mwavita, "hebu nenda mpaka mwisho wa boriti."

"Kwa nini?"

"Nenda," akasema Jumbe.

Nyani akaenda mpaka mwisho wa boriti. To! Tone likaanguka mwisho wa boriti.

"Rudi katikati."

Akarudi. To! Katikati.

Mwavita akashika kiuno. "Jumbe, na baraza lote, paa langu halivuji. Anayevuja ni fundi!"

Wakatazama juu wote. Nyani ananing'inia, manyoya yamelowa chapachapa kwa ile mvua aliyozunguka nayo nje, maji yanamchuruzika mkiani: to, to, to.

Jamani, kilichofuata si kicheko, ni gharika. Sungura alikaa chini. Bi Kidawa, aliyeapa kufumba macho, aliyatoa kama ya panzi. Jumbe alicheka mpaka ukuta ukapata ufa, na ufa huo Mwavita aliuziba mwenyewe wiki iliyofuata, kwa udongo na maji, akianzia chini.

Halafu kicheko kikaisha. Wakasikia kitu ambacho hakikuwahi kusikika Kichwambele: mvua ikiwa nje. Inapiga, inateremka, inaanguka upenuni, inakwenda zake.

Na Bi Sijaona? Bi Sijaona alikuwa amelala. Katikati ya makelele yote yale, amelala upande mmoja, mkono chini ya shavu, hakohoi.

Mwavita akatia kiganja chini ya godoro. Kavu. Akapapasa mkeka. Mkavu. Akakaa pale pale sakafuni, akanyoosha miguu. Akalia tu, kwa sauti, kilio cha mtu aliyetua mzigo wa masika matatu.

"Tokeni," akasema Jumbe kwa kunong'ona, kadiri kiboko anavyoweza kunong'ona. "Tokeni polepole, mgonjwa amelala." Wakatoka mmoja mmoja wakaenda kulowa nje, kwa hiari yao.

Mvua ikanyesha siku arobaini. Kitanda hakikulowa hata mara moja. Dawa ya mganga sasa ikapata mahali pa kufanyia kazi. Wiki ya kwanza Bi Sijaona akakohoa koho, koho. Wiki ya pili, koho. Wiki ya tatu alisimama uani akamfokea mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye mchicha, akamfokea yeye na mama yake, kwa pumzi moja bila kituo. Hapo Mwavita akajua mama amepona.

Watu wakaja: "Mwavita, njoo utuezekee." Hakwenda. Alisema, "Leta ngazi yako nikuonyeshe." Wanawake waliokuwa wakisuka makuti chini wakapanda nayo juu wenyewe, na mwaka huo Kichwambele walilala usingizi mpaka jua likawakuta vitandani.

Nyani naye hakufukuzwa. Mwavita alimwita: "Fundi, mikono yako ni hodari. Njoo nikufundishe, uanze na upenu."

"Mimi? Fundi mzima nianze chini?" akasema Nyani. Akachukua kisu chake, akaenda msituni. Hata leo, mvua ikinyesha, mtazameni: amekaa juu ya tawi, amejikumbatia, maji yanamwingia mpaka kwenye mifupa. Mikono ya kujenga anayo. Chini pa kuanzia hapataki.

Ngano yetu inasema hivi: ada ikivuja, usiiheshimu kwa kuilowea. Iulize. Na mwenye haki ya kusema paa lianzie wapi ni yule anayelala chini ya tone, si anayelifurahia.

Hapo ndipo maji yalipofika ukingoni, yakamwagika. Iliyowafaa chukueni mkaezekee kwenu. Iliyovuja niachieni mimi nikaizibe.

Mimi mwenyewe siku ile nilipewa zawadi, kuti moja, nimelifunga juu ya kitanda changu. Kuti moja halikingi mvua, nalijua hilo. Msinicheke. Ndiyo kwanza nipo upenuni.